Rangi ya Meno ya Ciku

Nelius ni mwanamke wa maswali. Waulize wauzaji wa soko la Embu, watakuambia. Ukimuuzia parachichi, atataka kujua limetoka shamba la nani, limechumwa lini, na mbona upande huu laini na ule mgumu. Kuku hamnunui kabla hajampulizia manyoya ya kifua aone nyama. Sasa ajabu ni hii: siku aliyomchagulia binti yake daktari wa meno, mwanamke huyo huyo hakuuliza hata neno moja. Hilo ndilo linalomkaa kooni mpaka leo.

Binti mwenyewe ni Ciku. Alilelewa na nyanya yake huko chini Mbeere, kwenye maji ya kisima cha kuchimbwa, na meno yake yalitoka ya kahawia kama ya watoto wengine wa kisima kile. Yeye hayakumsumbua hata kidogo. Ciku alikuwa akicheka, majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini. Aliyesumbuka ni mama. Kwenye harusi alimsukuma nyuma watu wakipanga picha. Kanisani alimfinya akifungua mdomo sana. Jamani! Mtoto anaimba sifa, wewe unamfinya!

Kisha akatokea Mithika, mwalimu, kijana wa mji wa Maua, akatuma habari kwamba watu wake wangependa kuja kujitambulisha. Nelius usingizi ukamruka.

"Watu watoke Maua yote hiyo waje kuona meno hayo?"

"Mami, Mithika ameyaona miaka miwili," Ciku akasema. "Na yeye ndiye hunichekesha."

"Mithika ni Mithika. Mamake ni mamake."

Hospitali Nelius hakutaka kuisikia. Alikuwa ameambiwa kwamba huko ukifungua mdomo tu wanang'oa. Mama mmoja wa chama chake cha akiba akamtajia mtu aitwaye Mbaka, mwenye chumba nyuma ya duka la simu na bango la mdomo unaotabasamu. Mbaka alivaa koti jeupe, akamwaga Kiingereza cha haraka haraka, na Nelius akanywea. Huku kwetu mtu akishaitwa daktari, kumuuliza amesomea wapi unaona kama unamtukana. Aliiona chupa ya dawa isiyo na jina. Swali likamfika kwenye ncha ya ulimi: hiyo ni nini? Akalimeza. Ciku ndiye aliyegeuka kitini.

"Mami, twende nyumbani. Sitaki."

"Tulia, mwanangu. Ni dakika kidogo tu."

Mbaka akakwangua kwa mashine, akapaka maji ya ile chupa, akakwangua tena. Ciku alitoka machozi yakimtiririka, lakini lo, meno meupe pe! Nelius akamtembeza soko zima. Wageni wakaja, wakala, wakashiba. Mamake Mithika alikuwa na mapengo mawili mbele na alicheka nayo wazi wazi. Muda wote alisifu ndengu za Mbeere. Meno ya Ciku hata hakuyatupia jicho.

Baada ya hapo mateso yakaanza. Chai ya moto Ciku hakuweza, na maji baridi ndiyo usiseme. Upepo wa asubuhi tu ulimfanya ashike mdomo. Akaanza kula uji uliopoa na viazi vya kupondwa. Kicheko kikatoweka nyumbani, na Nelius akajiambia kwamba ni mawazo ya harusi. Siku moja msichana akauma hindi la kuchemsha, jino la mbele likakatika. Akalitema kiganjani, akamwonyesha mamake. Walipokimbilia kwa Mbaka, walikuta kufuli mlangoni na bango limeshang'olewa.

Ndipo wakaenda kwa Daktari Gacheri, daktari wa meno wa kweli, ambaye alikaa nao kwanza kabla hajagusa chochote.

"Haya meno yalikuwa na shida gani mwanzoni?"

"Rangi," Nelius akasema. "Yalikuwa ya kahawia. Ya maji ya kisima."

"Yalikuwa yanamuuma?"

"Hapana."

"Yanalegea?"

"Wapi! Alikuwa anamenya miwa nayo."

Daktari akapiga picha, akachungulia, akashusha pumzi. "Basi yalikuwa meno mazima, mama. Rangi hiyo tungeififisha polepole, au tungeiacha tu. Huyo mtu ameliondoa lile tabaka gumu la nje kwa mashine na asidi. Likishaondoka halioti tena. Manne ya mbele siwezi kuyaokoa." Akamgeukia msichana. "Nani alikupeleka kwake, Ciku?"

"Nilijipeleka mwenyewe, daktari."

"Muongo huyu!" Nelius akasema. "Ni mimi. Alisema hataki, nikamkalisha." Akangoja atukanwe. Angalau wangemtukana angepata nafuu. Hakuna aliyemtukana.

Vidonda vya kung'olewa meno hayo vilipopona walirudi kuchagua meno ya bandia. Safari hii Nelius alikuwa na maswali mdomo mzima. Yatakaa muda gani? Yanaoshwa na nini? Anaweza kulala nayo? Daktari alimjibu moja moja, bila kukasirika, na kila jibu lilimuuma Nelius, maana aliona jinsi kuuliza kulivyo rahisi.

Daktari akafungua kikasha cha vijino vya mfano, vimepangwa kwa rangi, akampa Ciku kioo. Jicho la Nelius likaenda lenyewe kwenye kile cheupe kuliko vyote. Akaona haya, akatazama sakafu.

Ciku akapitisha kidole juu ya vijino hivyo taratibu mpaka mwisho wa mstari. Akarudi mwanzo, akapita tena.

"Hakuna ya kahawia?"

"Yale ya kwako ya zamani?" Daktari Gacheri akatikisa kichwa. "Hayatengenezwi. Sijawahi kuona mtu akiyaomba."

Ciku akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akakisukuma kikasha mbele ya mamake.

"Basi nichagulie wewe, Mami," akasema. "Yangu hayamo humu."

Nelius akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena, na kilio kikamshinda kabla hajagusa hata kijino kimoja.