Calogero wa Saba

Ukiita "Calogero" katika nyumba ya kina Tuzzolino, kaa kando usije ukakanyagwa. Wajukuu sita wanachomoka kila mlango, na babu yao nyuma na mkongojo wake akiuliza nani kamwita. Mila ni mila: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na Mzee Calogero alizaa wana saba. Jina lenyewe maana yake ni mzee mwema, na limebandikwa vitoto ambavyo hata meno havijamaliza kuota.

Ilenia, mke wa kitinda mimba, alipojifungua mwana mwenye nywele za rangi ya asali, akaapa kuwa huyu ataitwa Fulvio. Maana yake ni rangi hiyohiyo ya nywele, na mtoto akiitwa ataitika peke yake.

Mzee alipopata habari alipanda kitandani, akavuta shuka hadi kidevuni, akatangaza kwamba anakufa. Tambi za dagaa zikaenda chumbani, zikarudi kama zilivyo. Jirani alileta shada la msiba, akaambiwa bado, akaliloweka kwenye ndoo jikoni lisinyauke. Padri naye alipita kuuliza Jumapili aanze na lipi, ubatizo au mazishi.

"Ukimuua baba, mimi simo," alisema Gandolfo, mume wa Ilenia. Na kweli hakuwamo. Alikimbilia kwenye mizabibu na mkate wake.

Jumapili asubuhi Ilenia aliingia chumbani na mtoto begani, amejiandaa kwa shari.

"Baba, sita hawakutoshi?"

"Wa saba akikosekana, watu watasema mwanangu amenikana. Nitazikwa na aibu."

"Kwani wewe mwenyewe jina hili ulilipenda?"

"Nani aliniuliza? Kaka yangu ndiye aliyekuwa Calogero. Alikufa angali ananyonya. Nilipozaliwa mimi wakanivika jina lake, kama suruali. Kila sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, mama alikuwa akinipeleka makaburini, naweka maua juu ya jina langu."

Ilenia alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkera, kwa sababu alikuwa amekuja kugombana.

"Basi chagua la kwako. Hujafa bado."

Mzee alimtazama mtoto. "Fulvio zuri," akasema. "Nami nilikuwa na nywele hizi."

"Hilo ni la mtoto, baba."

"Sasa ni langu. Na mtoto huitwa kwa jina la babu yake. Au mila huzijui, mwanangu?" Akashusha miguu chini, akauliza tambi ziko wapi.

Jikoni habari ilipokewa vibaya. Mkewe, Bibi Crocetta, alisema hakuolewa na Fulvio yeyote, na usiku huo mwanamume huyo atafute pa kulala. Wake za wale wana wengine nao wakaja juu, kila mmoja na Calogero wake mkononi.

"Umetuchezea, baba. Sisi watoto tuliwapa jina lako," alisema mkubwa wao. "Leo umelitupa. Hawa sasa wameitwa kwa jina la nani?"

Mzee aliweka uma chini.

"La kaka yangu," akasema. "Yeye hakuwahi kuzaa."