Fomu Inauliza Mara Moja

Saa kumi na mbili asubuhi Bi Effat alikuwa ameshaketi mbele ya kioo, anajipaka rangi ya mdomo kwa mkono unaotetemeka. Bintiye Mahnaz alisimama mlangoni akiwa na kikombe cha kahawa.

"Maman, tafadhali. Leo si siku ya kujiremba. Leo waache wakuone ulivyo."

"Mgeni anakuja nyumbani kwangu nimpokee na gauni la kulalia? Ulilelewa na nani wewe?"

"Si mgeni. Ni mtu wa kaunsili."

"Akishavuka kizingiti ni mgeni."

Barua ilikuwa imefika wiki tatu nyuma. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa inayolipia wahudumu wa wagonjwa, inapitia upya saa za huduma za mama. Kwenye ghorofa zile za Harrow, London, kila mtu alijua maana ya kupitiwa upya. Hakuna aliyewahi kupitiwa akaongezewa. Kwa miaka miwili Generosa, mhudumu kutoka Bukoba, alikuwa akija mara tatu kwa siku kumwogesha Bi Effat, kumvisha, kumlisha na kumlaza. Saa hizo zikipunguzwa, mtu mmoja wa nyumba ile atabaki ndani kumuuguza. Na mtu huyo, kama kawaida ya dunia, atakuwa mwanamke.

Bi Effat alikuwa mwalimu wa hesabu Shiraz, Iran. London ilimpa cherehani, akashona mapazia ya watu kiwandani miaka kumi na tisa. Mahnaz alikuwa mwaka wa pili chuoni anasomea ufamasia baba yake alipopooza, akaviweka vitabu chini ya kitanda na hakuvitoa tena. Sasa anapika kwenye jiko la shule ya msingi. Amebaki Sepideh, binti wa Mahnaz, miaka ishirini, mwaka wa pili wa uhandisi. Mahnaz alikuwa ameapa, tena kwa sauti, kwamba huyu wa tatu hataweka kitabu chini ya kitanda chochote.

Generosa alifika saa moja na nusu. Ilimchukua dakika hamsini kumwogesha mgonjwa na kumfunga vifungo, na simu yake, inayompimia nusu saa kwa kila mgonjwa, ilimlalamikia tangu dakika ya thelathini.

"Bibi," alisema akimvalisha soksi, "kwetu tunasema mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha akamfafanulia kwa Kiingereza, polepole.

Bi Effat alicheka, akamtilia tende kwenye mfuko wa koti, akamwambia awahi basi.

Mtu wa kaunsili alitarajiwa saa tatu, akaja saa tano na robo, anahema kwa sababu lifti imekufa tangu mwezi uliopita. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Minal, mzaliwa wa hapo hapo Harrow, na bibi yake alitoka Kisumu na masanduku mawili. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomwudhi Mahnaz zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua.

"Nyumba nzuri," Minal alisema. Hita ilikuwa imewashwa kwa heshima yake. Jana walikaa na makoti. Juu ya meza kulikuwa na matango, machungwa, pistachio na keki.

Kabla Minal hajafungua kompyuta yake ndogo, Bi Effat aliinuka. Peke yake. Alishika kiti, akashika ukuta, akashika mlango wa jikoni. Mahnaz alimfuata.

"Kaa, Maman! Chai naleta mimi!"

"Chai ya mgeni wangu naileta mimi."

Alirudi na trei, glasi mbili za chai zikigongana, jasho limemtoka puani, na tabasamu lile la mwalimu wa hesabu. Nguvu za wiki nzima zilikwisha katika hatua zile kumi na mbili. Minal alipokea glasi, akashukuru, akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole. Mahnaz aliiona alama ya tiki: anaweza kuandaa kinywaji cha moto.

"Sasa, Bi Effat, unahitaji msaada kuoga?"

Mahnaz alitafsiri. Mama akajibu kwa Kiajemi kwamba asisumbuke, wala hakuna tabu, Mungu ashukuriwe.

"Anasema hawezi kuoga peke yake," Mahnaz alitafsiri.

"I can!" Bi Effat alidakia kwa Kiingereza chake cha kiwandani. "Very good! Thank you!"

Minal alimtazama Mahnaz, akatikisa kichwa. "Naomba utafsiri anachosema tu. Lazima jibu liwe lake."

Hapa palikuwa na jambo ambalo fomu haikulijua. Bi Effat hakuwa anadanganya. Kwao kuna adabu iitwayo taarof. Mtu akikupa chakula unakataa. Akikupa tena unakataa. Akikupa mara ya tatu, hapo ndipo unapokea, na hapo ndipo wote mnajua kwamba anatoa kwa moyo na wewe una njaa kweli. Kumwambia mtu shida yako anapokuuliza mara ya kwanza ni kujidhalilisha na kumlemea. Bi Effat alikuwa anasubiri aulizwe tena.

"Muulize mara nyingine," Mahnaz alisihi. "Nakuomba. Muulize mara tatu, utapata ukweli."

"Siruhusiwi kumsukuma atoe jibu fulani. Fomu inauliza mara moja." Akasogeza kioo. "Kuvaa? Kwenda chooni? Kupanda kitandani?"

Usijali. Si kitu. Wala usipate tabu, binti yangu. Tiki, tiki, tiki. Mahnaz aliyatafsiri yote neno kwa neno, kucha zimezama kwenye viganja. Nchi inayojisifu kwa adabu ilikuwa inamwadhibu kikongwe kwa kuwa na adabu.

Sepideh akatoka chumbani kwake, kalamu sikioni, akachukua tango mezani.

"Na huyu anaishi hapa?" Minal aliuliza.

"Ni mwanafunzi," Mahnaz akawahi.

"Lakini anaishi hapa." Kidole kikashuka. "Basi msaada wa familia upo. Ninapendekeza mhudumu aje mara moja kwa siku, asubuhi."

"Nina kaka," Mahnaz alisema, sauti inampanda. "Behruz. Ana nyumba ya vyumba vinne huko mjini Reading. Mbona hujauliza habari zake?"

"Fomu inahesabu wanaoishi hapa." Akamgeukia Sepideh. "Utaweza kumsaidia bibi yako mchana na jioni? Nahitaji sahihi yako hapa tu."

Sepideh alitazama kioo. Alikuwa na vipindi vya maabara kila Jumanne na Alhamisi mpaka jioni. Akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza kama alivyojibu kila kitu tangu utotoni: hamna shida, kweli kabisa, msijali.

Mahnaz aliliona tabasamu hilo. Msichana hajawahi kuikanyaga Iran, Kiajemi anakisikia tu, lakini tabasamu lilikuwa la bibi yake, mstari kwa mstari.

Bi Effat naye aliliona. Mkono wake ulitua juu ya mkono wa mjukuu, ukaubana.

"Hapana," alisema. Kisha akazungumza Kiajemi, taratibu, macho kwa Minal. "Siwezi kuoga. Siwezi kuvaa. Mwambie."

Mahnaz alimwambia. Minal aliingia na kutoka kwenye kurasa, uso umemwiva.

"Sehemu ile nimeshaifunga. Hainirudishi nyuma. Samahani."

"Basi achukue karatasi," Bi Effat alisema.

Minal akasita, kisha akachana ukurasa kutoka kwenye daftari la mkobani.

"Jumatatu nilianguka bafuni," Bi Effat alisema. "Generosa alikuwa ameshaondoka. Nilikaa sakafuni mpaka aliporudi mchana. Nilijisaidia pale pale nilipokuwa, na nikamwapisha asikwambie. Mwambie huyu aandike."

Mahnaz alimgeukia mama yake. Jumatatu alirudi kutoka jikoni kwa shule miguu imevimba, akamkuta mama amechana nywele, anatazama televisheni.

"Maman, nilikuuliza umeshindaje."

"Uliniuliza. Nikasema vizuri, ukaenda kuvua viatu. Ulikuwa umechoka." Bi Effat alinyoosha kitambaa chake kichwani, rangi ya mdomo imeanza kumchuruzika pembeni. "Tafsiri, mwanangu. Usiache neno."

Mahnaz alianza kutafsiri.