Giga Nane za Baba

Baba yangu, Mzee Abdulwahab, amesafirisha mizigo hapa Tunduma tangu sijazaliwa, na elimu yake yote ni moja: mzigo ukipungua, aliyeubeba ndiye aliyekula. Mwambie dizeli huwa inapotea kwa mvuke, atakuuliza huo mvuke umeuuzia wapi.

Mwaka 2011 kompyuta ya ofisini ikawa inajikokota. Baba akamtuma Salum, fundi kompyuta na mchumba wangu, ambaye posa yake ilikuwa imeshapokelewa, akanunue vibao vya kumbukumbu, RAM za giga nane, ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Salum akazileta, akazifunga mbele yetu. Windows ikafunguka, ikatangaza giga tatu na robo.

"Nyingine ziko wapi?" Baba akauliza, kwa sauti ileile anayowaulizia madereva.

Salum wangu, Mungu ampe subira, akaeleza. Windows ile ni ya zamani, anwani zake zinaishia giga nne, na humohumo imezimega nyingine kuipa kadi ya picha na wenzake. RAM iliyobaki ipo, ila haina anwani, kama nyumba isiyo na namba, barua haifiki.

"Tunduma nzima haina namba za nyumba," Baba akasema, "na barua zangu zinafika."

Basi Salum akaizima, akaiwasha, akamwonyesha maandishi ya mwanzo kabisa, kabla Windows haijaamka. Giga nane. Hapo ndipo alipojimaliza.

"Getini nane, ghalani tatu," Baba akasema. "Sasa mimi nifikirie nini, Salum?"

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Baba akatamka kwamba mwizi haingii katika ukoo wake, ukoo mtukufu ambao ami zangu wote wamekuzwa na sukari ya njia za panya.

Kesho yake Salum akarudi na Windows mpya, ya biti sitini na nne, yenye anwani za kumwaga. Akashinda nayo hadi alasiri. Ikawaka: giga nane, zote. Nikapiga vigelegele peke yangu, mjinga mimi.

Baba akavaa miwani, akasoma, akarudia. Akamshika Salum bega kwa upole ambao sijawahi kuuonja mimi binti yake.

"Umefanya uungwana, mwanangu," akasema. "Wengi huwa hawarudishi."

Halafu akanigeukia. "Mwasiti, kalete posa yake, naye arudishiwe chake."