Mara Mia Nne na Kumi na Mbili

...sabini na moja, bado asilimia sabini na moja, kama imekufa si iseme tu tujue, subiri Bibi, anasema mjukuu wangu, fundi wa kompyuta pekee katika ukoo huu, programu inaipima diski kipande kwa kipande, ikifika mia ndiyo tutajua kama kuna cha kunakili au ndiyo basi, nami nasubiri, na Karani naye anasubiri, mume wangu huyu aliyeacha ukarani miaka kumi na saba iliyopita lakini ukarani haujamwacha, miwani puani, daftari gotini, kila asubuhi anafungua programu hiyo hiyo na kuandika, joto la diski nyuzi thelathini na nane, afya nzuri, wakati goti langu limevimba mwezi wa tatu huu na hajalipima hata kwa kidole, siku moja nikamuuliza, Karani, umenioa mimi au umeoa kompyuta, akasema kompyuta hainuni... loo, meno yamebaki sita na yote yana ncha... basi humo ndani mna sauti ya kitinda mimba wangu, dakika nne, alinirekodi nikikoroma, halafu anasikika akicheka, mama anasaga kokoto, njooni mumsikie mama anasaga kokoto, mwezi uliofuata tukamzika, simu yake ilisagika naye barabarani, kicheko kile hakipo pengine popote, na Karani kupima anajua, kunakili hajui, na kuuliza ukarani wake haumruhusu, hadi juzi diski ilipoanza kukwaruza ndipo akamwita mjukuu... Babu, anasema mjukuu, hapa imeandika imekatiwa umeme ghafla mara mia nne na kumi na mbili, ndivyo diski zinavyokufa hivi, kile kichwa kinachosoma kinashtuka, kinachubua uso wake... na mimi macho yananikimbilia kwenye soketi, maana chumba hiki kina soketi moja tu nzima, na pasi yangu haili hewa, Karani akienda kutembea na wastaafu wenzake anaiacha kompyuta inawaka, anaogopa akiizima haitaamka, basi nachomoa, nanyoosha nguo, narudisha, akirudi ananiuliza, umeme ulikatika, nasema ulikatika, miaka minne nasema ulikatika, na jicho sipepesi, nani angejua kidude kama kile kinahesabu... Ni umeme wa mtaa huu, anasema Karani bila kugeuka, hauna adabu hata kidogo, lakini Babu, anasema mjukuu, mara mia nne, nyumba ya jirani mbona, nimesema ni umeme, anasema Karani, na si kawaida yake kumkata mtoto huyu kauli, namtazama, nalitazama daftari gotini, namba zinapanda, mia nne na tisa, mia nne na kumi, na pembeni ya kila namba, kwa mwandiko wake ule wa kulala, shati langu jeupe, mapazia, gauni lake la zambarau, shati jeupe tena... alijua, mzee huyu alijua, alikuwa anarudi, analigusa shati kwenye henga bado lina moto, ananiuliza umeme ulikatika, ananiacha nidanganye hadi nimalize, kisha anakwenda kuandika, si ungenigombeza, mdomo ninao mimi lakini hata wewe hukunyimwa, ungesema mara moja tu, wewe mwanamke, usichomoe... ila angesema hivyo ningeuliza kwa nini, naye angelazimika kuniambia ninayemchubua humo ndani ni nani, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ajili ya kola ya shati, akaona heri lawama uibebe umeme... Karani, nasema, sogea, anasogea, benchi linalia, begani ananukia sabuni, sabini na moja bado, ni mimi, namwambia, najua, anasema, tazama skrini.