Mgeni Aliyeulizwa Habari

Tangu walipotoka nyumbani Samail, midomo ya Bwana Abdullatif haikutulia. Ilikuwa ikichezacheza bila sauti, macho yake barabarani, na Bi Mabruka aliyekaa kando yake akimenya machungwa alidhani mumewe anavuta uradi. Akamwacha na uradi wake. Alimtia vipande vya chungwa mkononi, kimoja baada ya kimoja, naye akavila bila kugeuza uso, huku gari likiifuata barabara ya Ibra na milima ikibaki nyuma.

Safari hii ilikuwa rai ya Bi Mabruka mwenyewe. Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na nane. Asubuhi baridi inauma masikio, mchana jua tamu, na watu wa Maskati wenye magari makubwa walikuwa wakimiminika jangwani na mahema yao. Kwa nini na wao wasiende? Bwana Abdullatif alikuwa amestaafu tangu kiangazi. Miaka yote aliyofanya kazi wizarani alikuwa akitoka Samail alfajiri na kurudi jioni hoi, na mkewe akijiliwaza kwamba siku mume atakapopumzika watazungumza mpaka wachoke. Wapi! Mtu alistaafu kazi, akastaafu na maneno. Kutwa yuko barazani na redio yake. Ukimuuliza habari, salama. Ukimuuliza mchuzi umekuwaje, mzuri. Ukimuuliza jambo linalotaka jibu refu kuliko hapo, atakwambia shauri lako, Mama Balqis.

Na jambo linalotaka jibu refu lilikuwapo. Balqis, binti yao aliyeolewa Dubai na kufanya kazi benki, alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili, naye alimtaka mama yake akahamie kwake moja kwa moja. Chumba alikwisha kumtayarishia. Baba naye karibu wakati wowote, alisema, lakini wote watatu walijua kuwa Bwana Abdullatif haiachi mitende yake wala msikiti wake. Bi Mabruka alikuwa amemfikishia mumewe maneno hayo zaidi ya mara moja, kwa upole, akimwangalia usoni. Shauri lako, Mama Balqis. Lilimuuma, asikwambie mtu. Alitoka naye Unguja wakiwa vijana, mtoto mgongoni, wakaanza maisha upya katika nchi ambayo wazee wao wakiiita kwao na wao wakiiona kwa mara ya kwanza. Leo anataka kuondoka, naye mumewe hamwambii nenda wala baki. Basi shauri alikuwa amelikata nusu. Watatembea jangwani, watafika Sur, na kutoka Sur atampigia Balqis simu ampe jibu kama alivyomwahidi. Ikiwa mpaka hapo mumewe hajapata neno la kusema, atakwenda zake Dubai.

Walipoipita Ibra wakaiacha lami na kuingia mchangani. Bwana Abdullatif alikuwa amesikia kwamba matairi hupunguzwa upepo kabla ya kukanyaga mchanga, lakini alilionea gari huruma, akayaacha yameshiba. Hawakufika mbali. Gari lilizama mpaka tumboni, wakashuka, wakalizunguka, wakatazamana. Bi Mabruka akacheka, maana hakuwa na la kufanya ila kucheka, na mumewe akajikuna kichwa chini ya kofia.

Aliyewaokoa ni Bedui mmoja aliyetokea na pikapu iliyopakia mbuzi, mzee wa makamo yao, ndevu nyeupe, jambia kiunoni. Jina lake Musallam. Aliyapunguza upepo matairi yote bila kuuliza, akalivuta gari kwa kamba, kisha akawaambia wamfuate nyumbani wakanywe kahawa. Halikuwa ombi.

Bi Mabruka akamwona mumewe amebadilika rangi. Woga huo aliujua. Bwana Abdullatif alikuwa na Kiarabu kizima cha madrasa na cha ofisini, lakini ulimi wake ulikuwa wa Unguja, na wizarani hawakukosekana watu waliomwita Mzinjibari kwa tabasamu lisilopendeza. Alichokiogopa kuliko vyote ni kuonekana hajui adabu za nchi yake mwenyewe. Walipokuwa wakiifuata pikapu akamfichulia mkewe kwamba ule haukuwa uradi. Alikuwa akijifunza. Mwenzake mmoja wa ofisini, mtu wa Manah, aliwahi kumwambia kuwa ukifika kwa Mabedui, baada ya tende na kahawa, huulizwa ulumu, yaani habari, na mkubwa wa wageni ndiye anayejibu. Kule habari ni amana, alisema yule mtu, kwa sababu jangwani hapafiki gazeti, na mgeni anayezificha habari zake amemdhulumu mwenyeji. Ndiyo maana tangu Samail alikuwa akizipanga zake kwa Kiarabu, asije akaumbuka.

"Una habari gani wewe?" Bi Mabruka alimuuliza.

"Ninazo," alisema.

Nyumba ya Musallam ilikuwa kibanda cha makuti kilichotandikwa mikeka, na zulia la sufi limetundikwa katikati kuwatenga wanaume na wanawake. Bi Mabruka alikaa upande wake na mke wa mwenyeji, Ghaniya, mwanamke mwenye barakoa usoni na mikono iliyochorwa hina, aliyemshika magoti na kumkaribisha kama aliyekuwa akimngojea tangu mwaka jana. Upande wa pili waliingia majirani wawili walioliona vumbi la gari. Kila lililosemwa upande mmoja lilisikika upande wa pili, hata mtu kutafuna.

Tende zikaliwa, kahawa ikazunguka. Vikombe vilipowekwa chini, Musallam akauliza kwa sauti ya taratibu, sauti ya mtu anayetimiza ada, wana ulumu gani. Ghaniya alikwisha kuanza kulisema jibu kimyakimya ndani ya barakoa yake, kama vile watu waitikiavyo amina. Hakuna ulumu, kheri tu. Jibu ni hilo na hakuna jingine. Hata mtu akiwa ameunguliwa na nyumba, kwanza husema hakuna ulumu. Yule mtu wa Manah alikuwa ameisahau nusu hii ya somo.

Bwana Abdullatif akakohoa. "Ulumu zipo," alisema.

Mkono wa Ghaniya ulisimama hewani na dele la kahawa.

Habari zikaanza. Akawaeleza kuwa maji ya mfereji wa Samail yamepungua. Akawaeleza kuwa tende za mwaka jana zilikuwa ndogo, na kuwa yeye amestaafu, na kuwa mjukuu wake wa pili yuko njiani. Wanaume wakaitikia mashaallah kwa sauti za watu wasiojua hili linaelekea wapi. Kwa Kiswahili Bwana Abdullatif alikuwa fundi wa kulizunguka jambo mpaka likapotea lenyewe. Kwa Kiarabu hakuwa na maneno ya kuzungukia. Alikuwa na yale aliyoyapanga tu, mafupi mafupi, na sasa akayafikia.

"Na habari kubwa ni hii," alisema. "Mke wangu ataka kuhamia kwa binti yetu. Ananiuliza nasemaje. Mimi namwambia shauri lako, kwa kuwa nikimwambia usende nitamnyima wajukuu wake. Lakini sitaki aende. Nakaa barazani na redio, lakini redio naifungua tu. Ninachokisikiliza ni yeye jikoni. Akiondoka, nyumba ile sitaiweza. Hizo ndizo habari zetu."

Mbuzi alilia nje. Bi Mabruka alihisi uso unamwaka na machozi yanamjia, na juu ya hayo kicheko, vyote pamoja, asijue atangulize kipi. Kila mara alipolisikia shauri lako, alisikia mlango unafungwa. Kumbe mtu alikuwa akimshikilia mlango ili apite, naye mwenyewe akiomba asipite. Ghaniya akamwinamia sikioni akamuuliza kama huyo mke ndiye yeye. Alipoitikia kwa kichwa, Ghaniya akalibana goti lake kwa nguvu, na mabega ya Ghaniya yakaanza kucheza kwa kicheko.

Sasa ikawa zamu ya Musallam. Ada inamtaka mwenyeji naye atoe ulumu zake, na maisha yake yote alikuwa akisema hakuna. Lakini mgeni ametoa vile, naye atazuiaje? Akajipapasa ndevu. Akasema kwamba na yeye, basi, anayo habari. Alimwambia mkewe kuwa yule ngamia wake wa mashindano ametoka wa pili, lakini hakutoka wa pili. Alitoka wa mwisho.

"Jangwa zima linajua," Ghaniya alisema kutoka nyuma ya zulia.

Hapo wakacheka wote, pande zote mbili, mpaka jirani mmoja akapaliwa na kahawa. Waliletewa wali na nyama, na hawakuruhusiwa kuondoka mpaka wamekula.

Wakati wa kuagana Musallam alimshika Bwana Abdullatif mkono, hakuuachia upesi, akamweleza kwa heshima zote jibu la ulumu huwa lipi. Bi Mabruka aliyaona masikio ya mumewe yakiiva. Lile zulia Bwana Abdullatif alikuwa ameliona, na unene wake alikuwa ameuona, kwa hiyo alijua fika nini kimesikika. Garini alishika usukani kwa mikono yote miwili na kuitazama barabara kwa bidii, na mkewe, Mungu amsamehe, akamwacha ahangaike hivyo hivyo mpaka Sur. Alikuwa na furaha ya kike, ya utundu, ambayo hakuwa nayo tangu uchumba wao, na hakutaka kuimaliza upesi.

Sur waliingia alasiri. Karibu na soko palikuwa na kibanda cha simu ya kadi. Bi Mabruka akaomba gari lisimamishwe, akashuka, na Bwana Abdullatif akashuka pia, akasimama nje kidogo ya mlango uliobaki wazi, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Balqis alimwamkia shikamoo, mama akamwitikia marahaba, na Balqis hakuchelewa kuuliza kama ameshaamua. Bi Mabruka akamwambia kuwa atakwenda kumuuguza uzazi na kumwogesha mtoto, mpaka arubaini ipite. Kisha atarudi Samail.

"Kukaa moja kwa moja sitaweza, mwanangu," alisema. "Kuna mzee mmoja nimekutana naye jangwani. Hataki niondoke."

Balqis akauliza, sauti imempungua, "Mzee gani, mama? Baba anajua?"

Bi Mabruka akageuka. Mumewe alikuwa akiukagua ukuta wa duka usiokuwa na kitu cha kukagua.

"Anajua," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Ngoja nikupe useme naye."

Akamnyooshea mumewe simu. Bwana Abdullatif akaingia kuipokea, kibanda kikawa kidogo kwa watu wawili, na hakuna aliyetoka.