Masikio ya Tukinem

Kwa miaka kumi na tisa Tukinem alivuta mivukuto katika karakana ya shemeji yake Karsidi, fundi wa patu za shaba za kupigia muziki huko Jawa. Mgongo ulikuwa umekwisha. Alishaamua kwamba seti hii ya sasa ikimalizika, anaacha kazi, anakwenda kukaa kwa binti yake.

Kulinganisha sauti ilikuwa kazi ya Karsidi peke yake. Aligonga upatu, akasikiliza, akausugua kwa tupa, akagonga tena, mpaka sauti ikae mahali pake. Wanawe wawili aliwafundisha miaka mingi, hata kwa makofi, wakashindwa, wakaenda zao kwenye viwanda vya nguo. Tukinem hakufundishwa na mtu, wala hakuomba.

Alasiri moja alikuwa amekaa chini akimenya mihogo, kachoka hata kuzungumza anaona kazi. Karsidi akagonga, akaweka tupa chini, akasema sauti ya sita tayari.

"Bado," Tukinem akasema bila kuinua kichwa. "Iko chini kidogo."

Karsidi akamwambia ageukie ukutani. Akagonga patu moja moja bila mpangilio, naye Tukinem akazitaja zote: ya pili, ya tano, ya kwanza, ile ya tatu akasema imepotoka. Karsidi akamuuliza amejifunzia wapi.

"Sijajifunza, shemeji. Ukifika ya tano, najua utataka kahawa. Ukimaliza ya sita, nateleka wali. Zimeingia zenyewe."

Karsidi akaketi karibu naye. Kisha akakiri alilokuwa analificha: tangu mwaka jana sauti za juu hazimfikii vizuri. Seti mbili zilirudishwa, naye akasingizia shaba mbovu. Akamsogezea tupa.

"Mimi nilitaka kupumzika," Tukinem akasema.

"Najua."

"Basi mivukuto utavuta wewe. Na mihogo hii malizia kumenya."

Seti iliondoka baada ya wiki tatu na haikurudishwa. Zikaja kazi nyingine mbili. Siku hizi hata mfuniko wa sufuria ya jirani ukianguka, Tukinem anajua ni sauti ya ngapi, na hajapata namna ya kutojua. Binti yake alipopiga simu kuuliza anakuja lini, alimjibu labda mwakani, akakata, akashika tupa.