Mfuko wa Baba Mkwe

Tangu mke wangu apige marufuku mifuko ya plastiki, nyumba yetu haina amani. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye maua. Ukisahau kuzima taa ya chooni, unaitwa kwa jina lako kamili. Na nguo yoyote iliyokaa siku mbili bila kuvaliwa inageuzwa mfuko wa sokoni. Mimi ni fundi cherehani, na chupi zangu nazificha.

Baba mkwe, kwa upande wake, kwa miaka kumi na mmoja ameniita "Fundi" tu, kana kwamba binti yake ameolewa na cherehani. Nguo zake humpelekea fundi wa ng'ambo ya barabara, na hupita nazo mlangoni kwangu makusudi. Kwa hiyo alipoingia dukani na suruali yake ya kijivu, ya kuvaa kesho yake kwenye sherehe ya kuagwa kazini, nusura nilie. Mfuko wa kulia ulikuwa umetoboka. Juu yake alikuwa amebana karatasi kwa pini: MFUKO.

"Nimekuandikia, Fundi, usije ukasahau. Baadaye kidogo naifuata."

Nikatoka kununua uzi wa kijivu. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameinua mfuko wa kijivu wenye mikono miwili, anatabasamu.

"Huyu mteja kaandika kabisa anataka mfuko. Watu wameanza kuelewa!"

"Mteja gani? Hiyo ni suruali ya baba yako!"

Tulikuwa bado tunatazamana baba mkwe alipotokea mlangoni. Mke wangu akajitosa nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Nimekosea mimi, baba," nikasema. "Nilisoma mfuko, nikashona mfuko."

Akaupokea. Akatia mkono ndani, na vidole vitatu vikachomoza upande wa pili.

"Na mfuko wenyewe hujauziba."

Kisha akaufuata mshono kwa kidole gumba, polepole.

"Mshono huu wa kilevi naujua. Ulianzia kwenye soksi zangu, mwenyewe akiwa darasa la nne." Akaligeukia pazia. "Toka huko, mama."

Pazia likatikisika kwa kicheko. Mzee akanipima kwa macho, kiunoni hadi viatuni. Kimo chetu ni kimoja.

"Haya. Vua yako, mwanangu."

Miaka kumi na mmoja nililingoja neno hilo, nalo likanikuta dukani, mlango wazi, nimebaki na chupi.